Mikrobi ya tumbo imeonekana: je, ni kansa?

Pengine wewe pia umekwisha kutoka laboratwari ukiwa na kile kikaratasi mkononi. Juu wameandika jina na umri wako, chini wameandika "H. pylori", na pembeni kuna kimsalaba kimoja, ao viwili, ao vitatu. Munganga alikuwa na watu wengi wa kungojea, hakueleza sana. Umefika nyumbani, jirani mwenye kusoma Kifaransa akatikisa kichwa: "Hii njo mikrobi yenye kuleta kansa!" Usiku ule hakuna aliyelala.

Katika nyumba nyingine mambo yanageuka. Baba wa miaka hamsini na tano anakonda, chakula kidogo tu kimemshibisha. Wamempima, kikaratasi kimesema hakuna mikrobi. Wote wamepiga makofi. Baba anaendelea kumeza dawa za tumbo za kununua sokoni, mwezi kwa mwezi, na kansa inakua ndani.

Wa kwanza ameogopa bure, wa pili amefurahi bure. Wote wawili wamedanganywa na kitu kimoja: wameuliza kikaratasi swali ambalo hakiwezi kulijibu. Kwa hiyo leo tuongee polepole. Mikrobi ikionekana ndani ya mwili, inaweza kutuambia kama kansa iko ao haiko?

Ebola ilitufundisha, lakini ilitufundisha nusu

Sisi wa Butembo na Beni tunajua habari za kupimwa kupita watu wengi. Ebola ilitangazwa kule Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Miaka ile hata mtoto wa shule alijua maana ya kuchukuliwa damu na kungojea jibu. Jibu lilikuwa moja kati ya mawili. Virusi vimeonekana: ugonjwa uko, ingia santri ya matunzo. Havikuonekana: wanarudia kipimo, kisha unarudi kwenu.

Tulizoea hivyo. Tukifika kwenye mikrobi ya tumbo tunasoma kikaratasi kwa macho yale yale ya Ebola: "iko" maana yake nimekufa, "haiko" maana yake nimepona. Ndipo tunapopotea. Virusi vya Ebola havikai ndani ya mtu miaka arobaini bila kumsumbua. Mikrobi hii inaweza. Inaingia kwa mtoto, inazeeka pamoja naye, na mara nyingi inazikwa pamoja naye bila mtu kujua kama ilikuwako.

Ni mikrobi gani basi?

Jina lake kamili ni Helicobacter pylori. Ni bakteria ndogo, imejikunja-kunja sawa kizibuo cha chupa. Zamani waganga walifundishwa kwamba tumboni hakuna mikrobi inayoweza kukaa, ju ya ukali wa asidi. Mwaka 1979, katika mji wa Perth, Australia, daktari Robin Warren aliona vijidudu hivyo kwenye vipande vya nyama ya tumbo alivyovitazama kwa mikroskopu. Wenzake hawakumsadiki. Kijana mmoja, Barry Marshall, akajiunga naye. Walijaribu kuotesha ile mikrobi kwenye visahani, wakashindwa mara nyingi. Mwaka 1982 ikafika sikukuu ya Pasaka, laboratwari ikafungwa, visahani vikasahauliwa siku nyingi kuliko desturi. Waliporudi, mikrobi ilikuwa imeota! Ilikuwa inataka muda tu.

Bado watu walicheka. Mwaka 1984 Marshall akanywa yeye mwenyewe kikombe chenye mikrobi hizo. Baada ya siku chache alianza kutapika, na walipotazama tumbo lake waliliona limewaka. (Wewe kijana, usijaribu. Hakuna anayekudai uthibitisho tena.) Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Na kabla ya hapo, mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lenye makao Lyon, Ufaransa, lilikwisha kuiandika bakteria hii katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara.

Inafanyaje kuishi ndani ya asidi? Ina chachu inayopasua urea na kutoa amonia, na amonia inapunguza ukali wa asidi pembeni yake. Inajijengea kibanda chake katikati ya moto. Kumbuka jambo hili, ju ndiyo njia inayotumiwa kuikamata, tutaona mbele.

Kivu iko ndani ya habari hii

Usifikiri ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 1991 watafiti wakiongozwa na Youri Glupczynski walitoa utafiti juu ya mikrobi hii katika vijiji vya Kivu, kwa kutazama matumbo ya wagonjwa kwa endoskopi. Mwaka 1992 walitoa mwingine, wakilinganisha kipimo cha pumzi na njia za kuingia tumboni, hapa hapa nchini, enzi ya Zaire. Ni kusema, kipimo cha pumzi ambacho leo tunakisikia kama kitu kipya, watu wa kwetu walikwisha kukipuliza zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Mwaka huo huo wa 1992, Mwingereza Holcombe aliandika juu ya kile alichokiita fumbo la Afrika. Fumbo lenyewe ni hili: Waafrika wengi sana wana mikrobi hii, lakini sehemu nyingi za Afrika kansa ya tumbo haionekani sana. Kwa nini? Wengine wanasema ni ju ya aina ya mikrobi, wengine ni ju ya minyoo na chakula, wengine ni ju ya watu kufa wazee bila kupimwa. Lakini fumbo hilo lina milima yake. Magharibi ya Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na pande za Kilimanjaro, waganga wameona kansa ya tumbo kupita kule mabondeni na pwani. Sisi tuko kwenye milima hiyo. Kwa hiyo mtu wa Lubero ao Butembo asiambiwe "Waafrika hawana kansa ya tumbo".

Tuhesabu pamoja

Kuchukua wastani wa Afrika, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulisema karibu watu 70 kwa 100 wana mikrobi hii. Basi chukua watu wazima 100 wa avenyu yako. Sabini wana mikrobi. Kati ya wenye mikrobi, waganga wanahesabu kwamba 1 mpaka 3 kwa 100 ndio watapata kansa ya tumbo maisha yao yote. Kwa wale sabini ni mmoja ao wawili. Wengine wote watakuwa na kimsalaba kwenye kikaratasi na kansa hawataiona.

Ni sawa na kukuta alama za kwato ndani ya shamba lako la maharagi. Mbuzi amepita, hilo ni kweli. Kama amekula mistari mitano ao hajakula hata jani, kwato peke yake hazikuambii. Lazima uingie shambani uangalie.

Sasa geuza hesabu. Ukichukua wenye kansa ya sehemu ya chini ya tumbo, karibu 9 kwa 10 mikrobi hii ndiyo iliyofungua mlango. Kumbe ni alama yenye uzito, hatuwezi kuidharau. Inatuambia nani yuko kwenye njia. Haituambii nani amefika.

Na yule baba wa miaka hamsini na tano aliyeambiwa hana mikrobi? Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata wengine wenye kuvaa blauzi nyeupe. Mikrobi ikilichoma tumbo miaka mingi, ngozi ya ndani inachakaa, haitoi tena asidi sawa zamani. Tumbo la namna hiyo mikrobi yenyewe hailipendi tena. Inapungua, pengine inatoweka kabisa. Kansa imebaki, aliyeileta amehama! Kwa hiyo mzee mwenye alama za hatari, kikaratasi cha "hakuna" kisimtulize.

Alama za hatari

Mtu anayekonda bila kujua sababu. Anayeshiba kwa matonge mawili. Anayetapika kila mara, ao kutapika damu. Anayeona choo cheusi kama lami (vidonge vya chuma vya wajawazito navyo vinafanya choo kiwe cheusi, basi mwambie munganga kama unavimeza). Anayekosa damu, amekuwa mweupe macho na viganja. Chakula kinachokwama kifuani. Uvimbe unaoshikika juu ya kitovu. Na mtu aliyepita miaka 45 ambaye maumivu ya tumbo yameanza juzi, wala hakuwa nayo zamani. Huyo asipimwe mikrobi tu na kurudishwa na vidonge. Anahitaji fibroskopi: kamba laini yenye taa na kamera inapitishwa mdomoni mpaka tumboni, munganga anaona kwa macho, anakata vipande vidogo visivyouma, vinatazamwa kwa mikroskopu. Hapo ndipo neno kansa linaweza kutamkwa ao kuondolewa. Fibroskopi haipendezi, tusidanganyane. Inachukua dakika chache.

Uliza kwenye hospitali kuu ya zoni yako ya afya ni wapi inafanywa. Familia zingine zinavuka Kasindi kwenda Uganda, ambako Kampala kuna Chuo cha Kansa kilichoanzishwa mwaka 1967. Safari hiyo inakula makuta. Kwa hiyo usiianze bila barua ya munganga inayosema wazi ni nini kinatafutwa, ju wengine wamefika kule wakaanza upya na kile kile kipimo cha damu walichokifanya nyumbani.

Kuna neno lingine linalosemwa sana wakati mtu anakonda na kutapika: "Walimupatia sumu." Kisha wanatafuta ni nani aliyemkaribisha chakula mwezi uliopita, ni shangazi gani aliyeleta kasiksi kwenye matanga. Nyumba zimegawanyika kwa neno hilo, na watu wamepigwa. Wakati familia inatafuta mwenye kosa na dawa ya kutapisha, miezi mitatu imepita, na kansa ya tumbo haingojei. Dawa za kutapisha zinaweza kulipasua tumbo lenye kidonda. Mbele ya kumtaja jirani, kwanza tumbo litazamwe.

Vipimo havilingani

Kipimo cha damu, kile cha kudondosha tone kwenye kiplastiki, kinatafuta askari wa mwili waliopigana na mikrobi. Askari hao wanabaki miezi, hata miaka, baada ya mikrobi kufa. Ukikirudia baada ya dawa kitasema "iko", utanunua dawa mara ya pili na ya tatu bure. Ni kipimo cha bei ndogo, ndiyo maana kimejaa kila mahali. Mimi naona kimeuzwa kupita kazi yake.

Kipimo cha choo kinatafuta mikrobi yenyewe. Kikifanywa vizuri kinaaminika, mbele ya dawa na baada ya dawa. Kipimo cha pumzi kinatumia ile chachu tuliyoitaja: unakunywa urea yenye alama, mikrobi inaipasua, na ile alama inatoka kwa pumzi yako. Na wakifanya fibroskopi, kipande cha nyama kinawekwa ndani ya dawa yenye urea. Rangi ikigeuka, mikrobi iko.

Vipimo hivi vyote vya kutafuta mikrobi hai, yaani choo, pumzi na kipande cha nyama, vinadanganywa na kitu kimoja. Ukiwa umemeza omeprazoli ndani ya juma mbili zilizopita, ao antibiotiki ndani ya juma nne, mikrobi inajificha na jibu linaweza kuwa "haiko" kumbe iko. Munganga akisahau kukuuliza, wewe mwambie.

Na huko machimboni?

Wewe kijana unayeshuka kwenye mashimo ya dhahabu pande za Manguredjipa, mgongo unauma, na kwenye kila kibanda cha dawa kuna diklofenaki na ibuprofeni. Unameza asubuhi bila kula, jioni unaongeza kanyanga. Dawa hizo zinachimba tumbo sawa wewe unavyochimba mlima, mikrobi ikiwa iko au haiko. Tumbo likiuma unameza flajili, ju rafiki alipona nayo. Flajili ni moja ya dawa zinazotumiwa kuua H. pylori, na ukiimeza kidogo kidogo kila wakati, mikrobi inajifunza kuishi nayo.

Hili si neno la kutisha watoto. Daktari Evariste Tshibangu-Kabamba wa Chuo Kikuu cha Mbujimayi, mji wa almasi, alifanya kazi na Mjapani Yoshio Yamaoka juu ya mikrobi zilizochukuliwa kwenye matumbo ya Wakongomani. Mwaka 2020 walitoa utafiti juu ya namna mikrobi hizo zinavyokataa antibiotiki za namna nyingi. Ndiyo maana matunzo ya leo ni dawa tatu ao nne pamoja, mara nyingi siku 14 kamili. Ukiacha siku ya sita ju tumbo limetulia, umewalea wale wenye nguvu. Na baada ya kumaliza, juma nne ao zaidi, rudia kipimo, si kile cha damu.

Mikrobi zingine zinazosema

H. pylori si peke yake. Mwaka 1977 huko Marekani, Klein na wenzake walionyesha kwamba watu wenye kansa ya utumbo mkubwa walikuwa na bakteria iliyoitwa Streptococcus bovis kupita wengine. Leo moja ya jamaa zake inaitwa Streptococcus gallolyticus. Munganga akiikuta ndani ya damu ya mtu mwenye homa na ugonjwa wa moyo, haishii kwenye moyo: anaagiza utumbo mkubwa utazamwe. Mgonjwa anashangaa, alikuja na moyo, wanamwangalia nyuma! Lakini kwa njia hiyo kansa zimekamatwa zikiwa bado changa.

Nyingine, Fusobacterium nucleatum, makao yake ni mdomoni, kwenye uchafu wa meno. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti waliikuta kwa wingi ndani ya kansa za utumbo mkubwa. Wanajaribu kuitafuta kwenye choo, pamoja na vipimo vingine, ili kansa ionekane mapema.

Mwaka 2023 wengine walitengeneza bakteria inayonusa vipande vya kansa ndani ya utumbo wa panya na kutoa habari. Ni panya, hatujafika kwa watu. Na mwaka 2020 utafiti mmoja uliopigiwa ngoma dunia nzima ulisema mikrobi ndani ya damu zinaweza kutaja aina ya kansa. Wengine walirudia hesabu, wakakuta makosa makubwa, na mwaka 2024 gazeti lililouchapisha, Nature, liliuondoa. Kwa hiyo mtu akija kwenye kartie yako na kimashine cha "kuona kansa zote kwa tone moja la damu", muulize kwanza hospitali gani kinatumiwa.

Nani apimwe?

Kama baba, mama, kaka ao dada yako alipata kansa ya tumbo, wewe uko kwenye orodha ya kwanza, hata kama tumbo haliumi. Mwenye vidonda vya tumbo vile vile, na mwenye alama za hatari tulizozitaja. Wenye mikrobi watunzwe, maana kuiua mapema kunapunguza hatari. Visiwa vya Matsu, kule Taiwan, walianza mwaka 2004 kuwapima watu wazima wote na kuwatunza. Kansa mpya za tumbo zilipungua karibu nusu. Mwaka 2025 watafiti wa Lyon walihesabu kwamba katika watoto waliozaliwa duniani kati ya 2008 na 2017, milioni 15.6 watapata kansa ya tumbo siku moja, na robo tatu ya hizo ni za mikrobi hii. Kwa Afrika yetu wanaona hesabu itapanda mara sita ao zaidi kupita ile ya 2022, ju watoto wa leo ni wengi na wataishi wafike uzee.

Watoto hao wanaipata wapi? Nyumbani, wakiwa wadogo, kwa mate, matapishi na choo. Bibi anayetafuna bugali mbele ya kumpa mjukuu, kikombe kimoja cha maji kwa nyumba nzima, choo kisicho na maji ya kunawa. Lakini usimpeleke mtoto wa miaka mitano kupimwa H. pylori ju tumbo limemuuma leo. Kwa watoto maumivu mengi ya tumbo yana sababu zingine, minyoo kwanza, na waganga wa watoto hawapendi kuwatafutia mikrobi hii bila sababu kubwa. Anayestahili kwenda kesho asubuhi ni babu yake, yule anayesema kila jioni kwamba amekwisha kushiba.